Waliokuwamo Mashuani

Tangazo lilisema magaidi kumi na moja. Lilisomwa redioni asubuhi kwa Kireno, likarudiwa mchana, na alasiri haijafika lilikuwa limeshaingia katika kila simu ya Quitunda, kijiji chetu, pamoja na picha ya mashua iliyopasuka ubavu, imelala juu ya mchanga wa kisiwa. Sauti ya msomaji haikutikisika. Aliisoma kumi na moja kama mtu anayesoma hali ya hewa.

Niliijua mashua ile. Ubao wake wa nyuma ulikuwa na kiraka cha kijani, nilichokipaka mimi mwenyewe kwa rangi iliyobaki tulipopaka madirisha ya nyumba yetu. Ilikuwa mashua ya shemeji yangu Rachide, mume wa dada yangu Wahida. Alikuwa ametoka na wenzake kwenda dago visiwani, upande wa Vamizi, wapige kambi, wavue, wakaushe samaki, kisha warudi. Magaidi hawaendi dago. Magaidi hawabebi magunia ya chumvi.

Kazi yangu ilikuwa kuhesabu waliouawa. Shirika dogo lenye ofisi ya vyumba viwili huko Pemba, mji mkuu wa jimbo letu, liliniajiri kwa sababu nina miguu, nina simu, na nazungumza Kiswahili, Kimwani na Kireno cha shule. Kila damu ilipomwagika pwani ya juu, kutoka Quiterajo hadi mpakani, nilitumwa kutafuta nani amekufa, ameuawa na nani, na alikuwa mtu wa namna gani. Sheria ya shirika haikukunjika: mashahidi wawili, wasitoke nyumba moja, wasiwe jamaa wa marehemu. Wasipopatikana hao wawili, mtu hajafa. Yaani amekufa, lakini hayumo.

Aliyenisimamia ni mana Amélia, yaani dada Amélia, naye akiniita mano, kaka; mwanamke wa kutoka bara, Mmakonde, mkavu wa maneno. Nilimpigia kabla hata sijamwambia dada yangu. Nikamwambia wavuvi kumi na moja wameuawa baharini na wamesingiziwa ugaidi, na kwamba nataka tuliandike leo hii, kwa herufi kubwa, lisomwe hadi Maputo.

Akaniuliza kumi na moja nimeipata wapi. Nikasema, kwenye tangazo.

"Kwa hiyo tangazo ni la uongo kwenye neno magaidi, ila ni la kweli kwenye kumi na moja?" akasema. "Chagua, mano. Huwezi kumla samaki upande mmoja ukasema upande wa pili ameoza."

Kisha akanikumbusha, kwa sauti ya chini zaidi, kwamba Rachide ni jamaa yangu. Nina ruhusa ya kutafuta. Sina ruhusa ya kushuhudia. Nilikata simu bila kuaga, jambo ambalo mama yangu angenichapia hata kwa umri huu.

Siku mbili zilizofuata simu yangu haikupoa. Kila mtu alikuwa na jina la kunipa. Nilifikisha majina kumi na manne, nikaona nimewashinda wote, redio na mana Amélia pamoja. Kisha nikaanza kuuliza vizuri. Kwetu mtu ana jina la kitambulisho, ana jina aliloitwa na bibi yake, na akiwa mvuvi ana jina la baharini ambalo mkewe hata halitumii. Wafu wangu watatu walikuwa mtu mmoja, mzamiaji wa pweza. Wengine wawili walikuwa mtu na jina lake la utani. Wengine hawakuwa wameenda baharini kabisa. Nikabaki na wachache, na mmoja kati ya hao akanipigia yeye mwenyewe kutoka Pemba, amekasirika, akitaka kujua ni nani aliyenipa ruhusa ya kumuua wakati bado ana watoto wa kusomesha.

Huku nje ninahesabu, ndani Wahida hakulia. Hapakuwa na maiti. Watu waliopita karibu na kisiwa kile walisema boti ya kijivu ilifyatua risasi kisha ikazunguka mahali pale kwa muda mrefu, na ilipoondoka hakikubaki kitu ila mashua na samaki wakavu wakielea. Boti ilikuwa ya nani, kila mmoja alijibu kwa kutazama pembeni. Siku hizi kwetu wenye bunduki ni wengi, na kila mwenye bunduki ana bendera yake, na bendera zote ukiwa majini unaziona kwa mgongo, ukikimbia.

Dada yangu akaenda kwa Shehe Mamudo, imamu wa msikiti wetu mdogo, kuomba aingie eda. Shehe akamwambia kwa upole kwamba mume ambaye kifo chake hakijulikani ni mume aliyepotea, na mke wa aliyepotea hakai eda, anasubiri. Labda waje watu wa kuaminika waliomwona akifa. Akarudi, akakaa kizingitini, akavua kandambili zake, akaziweka pamoja kwa uangalifu kama anazipeleka kuuzwa.

"Msikiti unataka mashahidi," akaniambia. "Ofisi yako inataka mashahidi. Rachide angejua kufa ni kazi kubwa hivi, asingekufa."

Nilicheka, na yeye akacheka, halafu tukaona aibu wote wawili.

Lakini kusubiri kwenyewe kulikuwa na sumu yake. Hapa kwetu ukisema mwanamume kapotea, husemi kazama. Unasema kaingia msituni, kawafuata wale wanaochinja. Chefe wa bairro, mkuu wa mtaa wetu, alikuja kutujulia hali, akakaa, akanywa chai, akauliza kana kwamba hana haja ya jibu kama Rachide alikuwa na simu nyingine. Bombani, wanawake waliokuwa wakimshika Wahida mkono walianza kumwachia nafasi pana kuliko inavyohitajika. Mmoja wao, huku akijitwika ndoo, alisema waume za wenzetu riziki yao inatoka kwa Mungu, za wengine sijui inatoka wapi. Wahida alifika nyumbani na ndoo tupu.

Nilikuwa tayari kwenda kupigana na bomba zima. Dada yangu akanizuia mlangoni. Ndipo nilipoelewa alivyobanwa. Rachide akiwa amekufa kama redio inavyosema, amekufa gaidi. Akiwa hai na hajulikani alipo, ni gaidi pia. Watoto wake wawili wangebeba neno hilo shuleni na hadi siku ya kuposa. Mlango ulikuwa mmoja tu: mtu aseme nilimwona akifa, na alikuwa mvuvi.

Aliyetuletea habari ya mtu huyo ni Ancha. Huyu ni mama wa makamo aliyekimbia Quiterajo wakati mmoja na dada yangu, akajenga kibanda cha turubai nyuma ya nyumba ya binamu yake, nyumba ya matofali kama zetu zote, zilizopangwa mstari kama meno. Mwanawe Carimo alichukuliwa na watu wa msituni kisimani Quiterajo, sauti yake ikiwa ndiyo kwanza inaanza kuwa nzito. Tangu hapo Ancha humuuliza kila msafiri anayepita. Anauliza bila kulia, kama unavyouliza bei. Akaja akamnong'oneza Wahida kwamba kwenye nyumba za mwisho, zile zinazopakana na mashamba, kuna mtu amefichwa kwa shangazi yake na ana kidonda kinachonuka. Anaitwa Cassamo. Alikuwa mtu wa mashine katika mashua ya Rachide.

Akaomba kitu kimoja. Huyo Cassamo amepita visiwa vingi. Aulizwe kama ameona lolote kuhusu Carimo.

Tukaenda mchana, Wahida na mimi, na kikapu cha mihogo kichwani kwake ili tuonekane tunatoka shambani. Shangazi alitufungulia kwa sababu hakujua namna ya kutofungua. Cassamo alikuwa amelala mkekani, mkono wa kushoto umevimba hadi vidole vimekuwa kama ndizi mbivu. Alipomwona dada yangu aligeukia ukutani.

Akasema, "Shemeji, mimi sikuwamo."

Nikaanza kumjibu. Nina maneno mengi, na yote yalikuwa yamepanga foleni mdomoni. Wahida akanishika goti, nikanyamaza. Akaomba maji ya moto na chumvi, akakaa chini, akauchukua ule mkono na kuanza kuuosha, hakuomba ruhusa, hakuuliza swali. Aliosha muda mrefu. Maji yalibadilishwa, yakabadilishwa tena. Ndipo Cassamo akaanza kusema, akiwa bado anatazama ukuta.

Walikuwa saba. Siyo kumi na moja, saba, pamoja na yeye. Walikuwa wanarudi, mashua imejaa, mashine inakohoa. Kwenye fungu la mchanga wakaona watu wawili wanapunga kitambaa. Hapo mimi nikajua kilichofuata, kwa sababu mtu yeyote wa pwani hii angejua. Chombo hakipiti kitambaa. Mtu akipunga baharini unageuza, hata kama una haraka, hata kama ni adui yako wa mahakamani, maana kesho mwenye kupunga ni wewe. Vita vimebadilisha kila kitu nchi kavu, watu hawafungui mlango kwa hodi ya jirani. Rachide hakuwahi kufikiri kwamba vimebadilisha na hilo. Wenzake wawili walimwambia apite. Akawaambia, mkipita ninyi kwa miguu, sawa, ila mashua yangu haipiti. Akageuza.

Waliopanda walikuwa vijana. Mmoja alikuwa na bunduki ndani ya mkeka uliokunjwa. Akaitoa walipofika maji ya kina, akaamuru mashua ielekee kusini. Wa pili hakuwa na kitu mkononi. Huyu wa pili alimtazama Cassamo, akamwita kwa jina, kaka Cassamo, akamuuliza kama mama yake yu hai.

Mikono ya Wahida ikasimama ndani ya beseni.

Ndiyo, akasema Cassamo. Carimo wa Ancha. Amerefuka, ila masikio ni yale yale. Rachide alimpa maji na samaki, akamwambia mama yake yuko Quitunda na anauza vitumbua. Mtoto akala huku analia, na mwenzake akimkemea. Kisha boti ya kijivu ikatokea. Rachide akavua shati lake jeupe, akasimama nyuma kwenye usukani, akalipunga. Yule mwenye bunduki naye akasimama. Risasi zikaanza. Cassamo aliona shati likidondoka na Rachide akilifuata, hakupiga kelele, alikaa tu kama mtu aliyechoka. Wengine wakaanguka mmoja baada ya mwingine, Cassamo akaruka. Akiwa majini alimwona Carimo ameshika ubao, anaita, halafu ubao peke yake.

Nilipiga hesabu kichwani haraka kuliko huzuni. Wavuvi saba, ukimtoa huyu, sita. Na wale wawili, nane. Redio imesema kumi na moja. Hao watatu wa ziada wametoka wapi, Cassamo hakujua. Labda walikuwa wa mahali pengine. Labda ni wa mdomo tu.

Lakini wanane hawakunifaa. Nilimwambia Cassamo aseme walikuwa saba, basi. Asiseme habari ya kitambaa, asiwataje wawili. Nilimweleza, na bado nadhani nilieleza vizuri, kwamba bunduki moja ndani ya mkeka ikitajwa, tangazo linakuwa na ukweli nusu, na watu watakula nusu ile ile iliyooza. Rachide atakuwa mtu aliyebeba magaidi. Hakuna atakayeuliza alibebaje. Ndugu zake, mkewe, watoto wake, wote watakuwa wa mashua iliyobeba magaidi.

Cassamo alikubali kwa kichwa. Alikuwa anataka tuondoke.

Akasema Wahida, "Na Ancha?"

Nikamwambia Ancha amezoea kutojua.

"Hivyo ndivyo wanavyosema bombani juu yangu," akasema. "Kwamba nimezoea. Mtaje, Cassamo. Wataje wote."

Damu ilinipanda. Nikamuuliza kama anajua anamtetea nani. Kama si wale wawili, mumewe angekuwa amelala hapa leo. Je, anamtetea aliyemuua mumewe?

Aliendelea kukausha kile kidonda kwa ncha ya kanga yake. "Sijui nani amemuua mume wangu, Jamaldine. Wewe ndiye unayehesabu. Unajua?"

Nikatoka. Nilitembea kati ya zile nyumba za mstari hadi zikaisha, nikarudi, nikatembea tena. Kila mlango ulikuwa sawa na mwingine. Nilitaka kumpiga mtu na sikujua nianze na nani: mwenye boti, mwenye mkeka, msomaji wa redio, au shemeji yangu na uungwana wake wa baharini. Nilikasirika zaidi kwa sababu nami ningegeuza mashua.

Cassamo alikataa kuzungumza na ofisi yangu, ila alikubali kuapa mbele ya shehe. Shehe Mamudo akaja kama anayetembelea mgonjwa, akasikiliza, akasema kiapo cha aliyekuwamo kinamtosha, akatoka macho mekundu. Akasema Ijumaa, baada ya swala ya Ijumaa, ataswalisha swala ya ghaibu, ile ya kumswalia maiti asiyekuwepo, kwa wavuvi sita. Wahida ndiye aliyempelekea Ancha habari. Walikaa kibandani wawili peke yao. Sikusikia kilio. Ancha alipotoka alikuwa amejifunika kanga hadi machoni, akaenda moja kwa moja kwa shehe, akaomba mwanawe aswaliwe pamoja na hao wengine. Shehe akamwambia kuswali ataswali, Mungu ndiye anayejua. Ila kushuhudia ni juu ya watu.

Hili la kushuhudia ndilo lililokuwa linanichoma. Kwetu, swala ya maiti ikiisha, imamu huwageukia watu akauliza: huyu ndugu yenu mnamshuhudia vipi? Nao hujibu, mwema. Hujibiwa hivyo hata mwizi wa kuku; ni adabu, ni mzigo wa mwisho mtu anaopunguziwa. Lakini Ijumaa ile jibu lilikuwa na uzito mwingine. Kumwita Rachide mwema ilikuwa kulikanusha tangazo, mchana, mbele ya watu. Na safuni hakukosekani mwenye kazi ya kusikiliza. Chefe wa bairro mwenyewe alikuwa safu ya mbele, kofia mpya kichwani.

Mimi nilifurahi. Nilijiambia, mashahidi wawili? Nitawaletea msikiti mzima. Tulipotoa salamu nikaiweka simu yangu juu ya mkeka mbele ya magoti, nikaiwasha inase sauti. Hebu mana Amélia asikie watu mia wakisema mwema kwa pamoja, kisha anieleze habari ya sheria.

Shehe akageuka. Akamtaja Rachide kwa jina lake na la baba yake. Akauliza, "Mnamshuhudia vipi?"

Kimya.

Nilisikia feni. Nilisikia mtoto barazani, nyuma ya pazia la wanawake, akidai maji. Nikageuza kichwa kuwatazama waoga hao, na nikaona macho yao hayakuwa kwangu wala kwa shehe. Yalikuwa kwenye mkeka, kwenye kile kioo kinachong'aa.

"Jamaldine mwanangu," akasema Shehe Mamudo, bila ukali, "kizime hicho. Hapa Msikilizaji yupo."

Nilikuwa na jibu, tena zuri, na nilimeza. Nilisimama mbele ya watu wote, nikatoka na simu, nikaiacha kwenye viatu, nikarudi na mikono mitupu. Shehe akasubiri nikae. Akauliza tena.

"Mwema," ilisema sauti moja, nzito, ya safu ya mbele. Ilikuwa ya chefe wa bairro. Hakugeuka. Kisha safu yake, kisha zilizofuata, na nyuma ya pazia, na neno likazunguka mara nyingi hivi kwamba sikuweza kujua limesemwa na wangapi. Mimi, ambaye kazi yangu ni hiyo.

Wakatajwa wengine watano. Wote walipata lao.

"Na Carimo, mtoto wa Ancha," akasema shehe.

Kimya hiki hakikuwa kile cha kwanza. Kile kilikuwa cha hofu, na hofu ni nyepesi. Hiki kilikuwa na nyumba zilizochomwa ndani yake, na kaka waliokutwa njiani bila vichwa. Mzee aliyekaa nyuma yangu alisimama, akajipangusa magoti, akatoka. Wengine wawili wakamfuata. Shehe hakuuliza mara ya pili. Alisimama tu, mikono imeshikana, na nilijua baada ya pumzi chache ataendelea na dua na jambo litakuwa limekwisha, na Ancha atarudi kibandani kwake na kimya hicho.

Sauti ikatoka nyuma ya pazia. Wanawake hawajibu peke yao msikitini kwetu. Hii ilijibu.

"Nilimjua akichota maji," alisema Wahida. "Mwema."

Baada yake zikaja sauti chache, za chini, moja hapa, moja kule, kama watu wanaokohoa. Nilifungua mdomo. Mpaka leo sijui kama kuna kilichotoka.

Jioni hiyo Wahida akaingia eda. Akavua hereni, akavua kipini, akanipa kioo cha chumbani nikitoe. Nilipokuwa nakibeba nikamsikia, kwa mara ya kwanza tangu lile tangazo, akilia, kwa sauti kubwa, isiyo na adabu, ya mjane. Majirani wakaja. Wale wa bombani pia wakaja, wakakaa chini, na yule wa ndoo alileta uji akakosa pa kuuweka.

Cassamo, baada ya kuapa, alisema hawezi tena kuwa mtu ambaye hakuwamo. Alizungumza na mana Amélia kwa simu yangu, nikiwa nje. Shehe naye akatoa jina lake, litumike popote. Shahidi wa kifo na shahidi wa mtu, hawatoki nyumba moja, si jamaa. Mana Amélia akawaingiza sita. Wavuvi, raia. Akanisomea jina la Rachide polepole, akaniuliza kama kalitamka sawa. Nikamshukuru, na nilimaanisha.

Kisha akauliza habari ya wawili. Mwenye bunduki hakutusumbua. Mpiganaji, jina halijulikani. Tukafika kwa Carimo.

Shirika lina mahali patatu pa kumweka aliyeuawa: raia, mpiganaji, askari. Mana Amélia aliuliza kama mtoto alishika silaha. Hapana. Alipunga kitambaa? Ndiyo. Alijua kitambaa kitaleta nini? Nikasema alichukuliwa kisimani, mana, alikuwa na ndoo. Akasema anajua. Akasema kwao Mueda wamezika wengi waliouawa na watoto wa namna hiyo, na bado anajua. Nilibishana naye hadi betri ikapiga kelele, mimi niliyetaka kumfuta mtoto huyo kabisa, sasa nataka awekwe pamoja na Rachide. Mwishowe akasema atamwandika pembeni, haijulikani. Nikamwambia anajulikana. Ana masikio ya mama yake.

"Najua, mano," akasema. "Nipe mahali pa kuliandika hilo."



Hesabu yetu ikatoka: wanane, sita kati yao raia. Redio haikubadilisha kitu. Gazeti moja likaandika kati ya wanane na kumi na mmoja. Lingine, la mbali, liliona habari mbili, likadhani ni mashambulio mawili, likajumlisha. Kumi na tisa. Nililipigia, nikaandika, nikatukana kwa Kireno kizuri. Kumi na tisa ikaendelea kutembea, ikavuka mpaka, ikarudi kwetu kwenye simu ikiwa na picha ile ile ya kiraka changu cha kijani.

Ancha alikuja na sahani ya vitumbua kwa ajili ya Wahida, ambaye hatoki. Alikaa nami barazani. Alikuwa amesikia tarakimu hizo zote, watu walikuwa wakizibishania dukani kana kwamba ni mpira. Akaniuliza, katika hizo, mwanawe yumo katika ipi.

"Yumo katika zote, mama," nikamwambia.

Akatikisa kichwa, akafikiri, akaanza kuhesabu kwa vidole, akafika nane, akarudi. Tulikuwa tunajua nane, akasema. Redio ilisema kumi na moja. Akaukunja ule mkono.

"Wale watatu, mama zao ni akina nani?"

Nikasema huenda hawapo. Huenda ni tarakimu tu, mtu aliongeza ili ionekane kazi imefanyika. Akasema huenda. Hakuondoka. Alinitazama kama alivyokuwa akiwatazama wasafiri, bila kulia, kama anayeuliza bei, na nilijaribu kuvumilia, nikala kitumbua kimoja, nikaanza cha pili, nikakiacha. Nikaingia ndani kutafuta viatu na chaji.

Niliposhuka ngazi alikuwa ananitajia vijiji vya pwani vyenye watu waliokwenda dago mwezi ule, kimoja baada ya kingine, na majina ya wanawake wa kuuliza.